Mwaka Tuliofundishwa Kula Mbele ya Watu

Jumamosi moja mchana nilimkuta mjukuu wangu Ineza jikoni, ameegemeza simu kwenye debe la maharagwe, anakula. Angekuwa anaonja chakula kama mpishi, ningenyamaza. Lakini alikuwa anakula kweli, viazi na mboga za dodo, anatafuna huku anacheka, anaiambia simu habari za kila tonge. Nikamwuliza anazungumza na nani. "Na watu, nyogokuru." Watu gani? "Watu tu. Kuna wa Kenya, kuna wa Ubelgiji, kuna mmoja anasema yuko Brazili." Nikainama kutazama, nikaona ndani ya kioo uso wa mtoto wetu na kinywa chake, na vimoyo vyekundu vinapanda pembeni kama mapovu ya sabuni. Nilishtuka vibaya. Nikavua kitenge changu cha begani nikamfunika nacho yeye, na sahani, na simu. Akapiga kelele humo ndani: "Nyogokuru, unanifanyia nini? Watu wanacheka!" Ndiyo, nikamwambia, ndicho ninachosema, wanacheka. Msichana mzima anatafuna mbele ya watu ambao hata baba zao hawajulikani!

Alipotoka chini ya kitenge, nywele zimevurugika, akanieleza kwamba ile ni kazi ya shule. Wana klabu, na mwalimu wao Fidèle, kijana aliyezaliwa Tanzania wazazi wake wakiwa huko, amewaambia kwamba mtoto wa leo hawezi kuwa wa Rubavu yetu tu. Lazima ajue kwamba yeye ni raia wa dunia. Wataunganishwa kwa mashine na darasa la nchi ya mbali, kila upande uonyeshe unavyoishi na unavyokula. Nilikaa kwenye kigoda. Si kwa sababu ya mashine. Ni yale maneno. Niliyasikia nikiwa sijafika hata umri wa Ineza, katika chumba kirefu chenye madirisha yaliyotazama barabara, na mtu aliyeyasema alikuwa anatafuna. Ineza akaona nimelainika, akaingiza ombi lake: mwalimu anatafuta bibi wawili, mmoja wa upande wetu, mmoja wa Goma, wapike na kula pamoja mbele ya mashine. Yeye tayari amesema nyogokuru wake atakuja. Wa Goma ni nyanya wa rafiki yake Merveille, yule anayevuka mpaka pale Petite Barrière kila asubuhi kuja kusoma kwetu. Nikasema sitakula mbele ya mashine, lakini kwenye mkutano nitakwenda. Nilidhani kutakuwa na Fanta tu na mazungumzo.

Nilipoingia darasani yule mama wa Goma alikuwa ameshaketi kwenye dawati la mbele. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi, mikono ameikunja juu ya fimbo. Mwalimu Fidèle alianza kututambulisha, lakini mama yule hakumsikiliza, alikuwa ananitazama mimi. "Daforoza," akasema. Hakuuliza. "Daforoza ya Nyumba ya Wasichana." Sauti ile! Mgongo unapinda, meno yanatoka, lakini sauti haizeeki. Nikalia, "Faida!" nikaenda mikono wazi nimkumbatie. Akaniwekea fimbo yake katikati, polepole, kama barrière ya mpakani inavyoshushwa. "Haraka ya nini? Uko unasahau? Mulozi wako njo huyu amekuja." Mwalimu Fidèle akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Watoto nao wakacheka. Mimi sikucheka. Mulozi kwetu ni mtu anayelisha wenzake sumu. Hakuna neno baya kuliko hilo, pande zote mbili za mpaka. Nani mulozi? Mulozi wa nani? Na kwa nini aseme ni wangu?

Ili ieleweke jinsi nilivyoshtuka, lazima nirudi kwenye mwaka ule. Habari za baba na mama na mashamba yetu nitaziacha, hazina kazi hapa. Nianzie mlangoni. Nyumba ya Wasichana ilikuwa na kuta nyeupe na harufu ya nta ya sakafu, juu kidogo ya ziwa. Wakati huo barrière ilikuwa mti mmoja tu uliolazwa njiani, na askari aliyeulinda alijua shangazi zetu kwa majina. Wasichana walitoka pande zote: Kolotilda wa Kanama, Venansiya na Stefaniya wa Bugeshi, mimi wa hapa Gisenyi mjini, Faida na Zawadi wa Goma. Kwa kuwa hatukuwa na lugha moja ya nyumbani, tulisema Kiswahili, na mimi hiki ninachoandika nilikiokota mezani pale. Aliyetufundisha alikuwa Mademoiselle Lutgarde, mwanamke mrefu wa Ulaya, asiye sista wala mke wa mtu, jambo ambalo peke yake lilitupa la kuongea wiki nyingi. Juu ya kabati aliweka dunia ya mviringo yenye kuzunguka. Kila asubuhi aliizungusha kwa kidole kimoja akasema, kwa Kiswahili chake: "Hapa hakuna mutoto ya Gisenyi, hakuna mutoto ya Goma. Wote ni watoto ya dunia." Tuliitikia. Tulijifunza kushona, kusoma, kuhesabu, kuosha mtoto, kuandika barua. Na mwisho wa mwaka msichana mmoja, mmoja tu, angepelekwa Bukavu kusomea ualimu. Hilo ndilo lililotuamsha asubuhi, sote. Mimi nililitaka kuliko chochote.

Sasa, kuhusu kula. Siku ya kwanza Mademoiselle aliingia darasani anakula ndizi huku anatembea, na huku akitembea anatuuliza majina yetu. Stefaniya alianza kulia, akidhani mwalimu amepata wazimu, kwa sababu katika milima yetu ni mwendawazimu tu anayekula njiani. Mtu mzima hula ndani, mlango umefungwa, na mgeni akibisha sahani husukumwa chini ya kitanda. Si ubahili. Ni heshima, kama kuvaa nguo. Chumba cha kulia kilikuwa na meza ndefu ya mbao za mikaratusi, na kila mchana Mademoiselle alifungua madirisha yote kwa mikono yake, barabara nzima ikawa inatuona. Alituketisha nyuso zikitazamana. "Mutu anayejificha na chakula yake hapendi wenzake," alisema. Wa Goma walikula bila shida. Kwao sahani ni moja, mikono mingi, kelele. Sisi wa upande huu tulitazama chini kama tunaoungama. Kolotilda aliweza haraka, Kolotilda angekula hata juu ya paa la kanisa. Mimi nilishindwa. Nilificha viazi kwenye mfuko wa aproni, nikaenda kuvimaliza nyuma ya pipa la maji.

Huko ndiko Faida alinikamata. Nilisikia sandali zake, nikameza kiazi kizima, kikanikwama kooni. Akanipiga mgongoni kwa kiganja mpaka machozi yakanitoka. "Eh, Daforoza! Unakula kama panya ya sakristia! Ju ya nini unajificha? Mi nitakunyang'anya?" Nikamwambia siwezi kula nikitazamwa. Akafikiri. Faida alikuwa mtu wa kufikiri huku ameweka ulimi kwenye pengo la meno yake. "Bon. Kesho kaa mbele yangu. Usiangalie batu, angalia pua yangu tu. Pua yangu iko mubaya, utasahau haya." Ilikuwa kweli, pua yake ilikuwa na kovu la kuku aliyemdonoa utotoni. Kesho yake nilitazama kovu lile, nikala tonge moja, mbili, nikacheka, nikala nyingine. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kula mbele ya wasichana wenzangu. Lakini ilikuwa mbele ya wasichana tu, na pua ya Faida ikiwepo.

Na yeye ndiye aliyekuwa anapika. Sote tulipangiwa zamu jikoni, lakini zamu ya Faida ilijulikana tangu kwenye ngazi, kwa harufu. Sombe yake, yale majani ya muhogo, ilitwangwa mpaka ikawa laini kama dawa ya mtoto, ikaiva na mawese na vitunguu na karanga, na hakumruhusu mtu kufunua sufuria. Hakutaka ualimu wa kuandika ubaoni. Alitaka afundishe mapishi, halafu afungue hoteli ndogo karibu na ziwa, wasafiri wale na kulipa na kurudi. "Weye utafundisha watoto yao kusoma jina ya hoteli yangu," aliniambia. Tulipatana kwamba atakayekwenda Bukavu atamtafutia mwenzake nafasi mwaka utakaofuata. Tulipatana kwa kweli, tukishikana mikono na mafuta yakiwa bado kwenye vidole vyake.

Kuna siku moja katikati ya mwaka ambayo wakati ule niliiona ndogo. Faida alimmiminia Mademoiselle maji ya ndizi, akanywa funda moja mbele yake, ndipo akampa kikombe. Mademoiselle akaruka nyuma. "Umekunywa kwanza? Kwenye kikombe yangu?" Akatutazama mmoja mmoja. Zawadi akamweleza kwa upole kwamba ndivyo inavyofanywa, huku na kule: anayekupa huonja kwanza, ujue hakukuwekea kitu. "Kitu gani?" Zawadi akasema: "Sumu, Mademoiselle." Sijaona uso ukibadilika hivyo. Sisi tulikuwa tumeshtushwa na ndizi yake ya njiani, na sasa ikawa zamu yake kushtushwa nasi; alikaa kitini akashika shingo yake kama aliyekwisha kunywa. Kisha akainuka, akazungusha ile dunia, akasema kuanzia leo katika nyumba hii hakuna kuonja. Kuonja ni kusema kwamba jirani anaweza kukuua. Mutu ya dunia anaamini mwenzake. Nakumbuka nilifurahi. Niliona ni maneno makubwa na mazuri. Faida pekee ndiye aliyeguna, akiwa anasuuza kikombe: "Na ukiwa huonji, batu batajua je?"

Mwisho wa mwaka ikaja siku ya wageni. Walialikwa wazazi, wakubwa wa mji, wafanyabiashara wa pande zote mbili, wakakaa kwenye mabenchi kuzunguka meza ndefu, madirisha wazi. Mademoiselle alikuwa amepanga kila kitu: kila msichana apike chakula cha kwao, kisha kila mmoja ale chakula cha jirani yake, wageni wote waone, na baada ya hapo atataja jina la atakayekwenda Bukavu. Sote tulijua ni Faida au mimi. Hata Kolotilda alijua. Mimi niliwekwa mbele ya Faida. Aliwapakulia wasichana wa pembeni yetu, kisha akaniwekea mimi sombe yake, imerundikwa vizuri, mawese yanang'aa pembeni. Niliinua uso kutafuta pua yake, na nyuma ya bega lake nikaona benchi la wanaume, shangazi yangu Languida amesimama kando, na mbele yake mzee mmoja mwenye fimbo ya mpingo. Nilimtambua kwa fimbo. Alikuwa baba wa kijana aliyekuja kuniposa. Mahari ilikuwa bado, lakini neno lilikuwa limeshapokelewa. Majina yote ya mwaka ule ninayo na nimeyaandika. La mzee yule sitaliandika, maana jina la baba mkwe halipiti kinywani mwa mke wa mwanawe, na amekufa zamani lakini kinywa changu hakijui kwamba amekufa.

Kula mbele ya mkwe! Ambaye si wa kwetu hawezi kujua ni nini. Hata kupishana naye njiani mke huingia majanini. Mzee naye aliniona, akageuza uso kwa adabu, akingoja niondoke au niokolewe. Mkono wangu ukafa juu ya kijiko. Wenzangu wote walikuwa wanakula, Kolotilda ameshafika nusu. Mademoiselle akasema kwa tabasamu, "Kula, Daforoza." Sikuweza. Ukumbi ukaanza kutulia, kwanza benchi moja, halafu lingine. Faida akasogeza uso, akanong'ona: "Kula, ndugu. Angalia pua." Sikuweza hata kuitazama. Na kusema sababu sikuweza, kwa kuwa kuitaja ni aibu ile ile, mbele ya mzee mwenyewe. Nilitazama mawese jinsi yanavyoacha kung'aa, yanaganda polepole kwenye ukingo wa sahani. Mademoiselle akasema tena, sasa bila tabasamu: "Ni ya jirani yako. Unakataa chakula ya jirani yako?" Akaja akanishika mkono, akanipeleka mpaka nje ya mlango, akaniambia kwamba mwaka mzima sijajifunza chochote, na mtu wa namna yangu hana kiti katika nyumba ya watoto wa dunia. Shangazi Languida akanichukua kwa njia ya nyuma. Mlango ulifungwa nikiwa sijageuka, na nilichosikia ndani ni ukimya; nikadhani ni ukimya wa kunicheka.

Hapo ndipo shule yangu ilipoishia. Niliolewa kabla mvua hazijaisha, nikapanda Bugeshi kwenye baridi na viazi, chini ya volkano, nikazaa, nikazika, yakapita yale yaliyotupitia sote, nikashuka tena mjini nikiwa na mvi. Mkwe wangu alinipenda maisha yake yote kwa ajili ya siku ile. Alimwambia kila mtu kwamba nyumba yake imepata msichana mwenye haya. Na mimi, miaka yote hiyo, nilijifariji kwa jambo moja: kwamba nafasi ilikwenda kwa Faida. Nilimwona Bukavu, gauni jeupe, wasichana wamemzunguka na sufuria zao. Nilipokuwa namenya viazi nilimwona. Sikumtafuta kwa sababu niliona haya, na pia kwa sababu nilidhani mtu aliyekwenda Bukavu hamkumbuki panya wa sakristia aliyebaki nyuma.

Sasa turudi darasani, kwa Mwalimu Fidèle na fimbo iliyo katikati yetu. Nikamwuliza Faida: "Si ulikwenda Bukavu?" Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto anayeuliza maiti ataamka lini. "Bukavu? Mi? Alienda Kolotilda." Kolotilda! Aliyekula kila kitu! Nikasema, na wewe? Akavua miwani. Sikuwahi kusikia habari ikisimuliwa kwa sauti ya chini vile. "Siku ile ulikataa sahani yangu, na mi mwenyewe sikuonja kwanza, Mademoiselle alikatazaka. Batu balikuwa banaangalia. Rafiki yake wa damu, anakaa naye mwaka muzima, hakuli. Donc, basi, anajua kitu. Mama mumoja alisema pale pale, kwa benchi: huyu mutoto ameona nini jikoni? Wasichana balitema, Daforoza. Balitema sombe yangu kwa mikono. Hata Zawadi. Mademoiselle akapiga makelele ni ujinga, ujinga, lakini nani anasikia? Nilifika nyumbani, habari ilikuwa imeshavuka mbele yangu." Akavaa miwani tena. "Tangu pale hakuna mutu alikula kitu ya mukono yangu. Bwana yangu alipikaka mwenyewe. Niliuza sabuni pale Petite Barrière. Niliuza makaa, viatu ya caoutchouc, nguo za zamani za mivumba. Kitu ya kula, hata ndizi moja, sijauza."

Nilishika dawati. Nikamwambia, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulisema: "Haikuwa chakula, Faida. Alikuwa mukwe. Mukwe alikuwa nyuma ya bega yako." Akauliza, "Mukwe?" Nikasema mukwe. Mwenye fimbo? Mwenye fimbo. Ulimi wake ukaenda kwenye lile pengo ambalo siku hizi ni pengo kila mahali. "Yani," akasema, "ju ya mukwe yako, mi sijauza hata ndizi moja?" Akainuka, akamshika Merveille bega, wakatoka. Mlangoni akamwambia mwalimu kwa heshima kwamba yeye hapikii mashine, atafute mwingine.

Asubuhi iliyofuata nilishuka Petite Barrière. Akina mama walikuwa wanapita na nyanya kichwani, na vitunguu, na samaki, watu na mizigo kama maji ya mfereji, na yeye kando ya ukuta na sabuni zake zimepangwa kama matofali. Nilinunua kwa jirani yake mkate, nikauliza tu kwa mzaha kama huyu koko Faida, bibi wa sabuni, anajua kupika. Yule jirani, msichana mdogo ambaye hata mama yake alikuwa hajazaliwa siku ile, akajibu bila kuinua kichwa: "Eh mama, koko Faida ni mutu muzuri kabisa. Lakini cha kwake hatukulake hata siku moja." Kwa nini? "Sijui. Ni vile tu. Tulikuta vile." Mkate uliniponyoka. Ukweli wenyewe ulikuwa umeshakufa, hakuna anayeukumbuka, lakini katazo bado liko hai, linarithiwa kama shamba! Nikamwendea Faida nikasimama juu ya sabuni zake. Nikamwambia: "Upike. Nitakula." Hakuinua uso. "Mbele ya nani?" Mbele ya kila mtu. Mbele ya mashine, mbele ya walimu, na hawa wa sokoni waje. "Weye?" akasema. "Utakula na kitenge kwa kichwa, kama mutu anayejifukiza mafua." Lakini nikaona mkono wake umeanza kupanga upya sabuni ambazo zilikuwa zimepangika.

Siku yenyewe alikuja na sufuria imefungwa kwa kitambaa, ameibeba mwenyewe, hakumpa hata Merveille. Nyuma yake walikuja akina mama wa sokoni, yule wa mikate akiwa mbele, wakasimama ukutani wamekunja mikono. Kwenye ukuta mwingine, katika picha ya mashine, walikuwa watoto wa nchi ya mbali, wakubwa kama milango, wanatupungia mikono, sauti zao zinafika baada ya midomo kufunga. Mwalimu Fidèle alikuwa ameandaa sahani za karatasi, kila mtu na kijiko chake, akaanza kupakua. Nikamshika mkono. "Mwalimu, aonje kwanza. Kwa kijiko kimoja, halafu anipe hicho hicho." Akainama akaniambia taratibu, kwa Kiswahili chake safi cha Tanzania: "Bibi, samahani. Kuna suala la usafi. Na tena wenzetu wale wataona kama sisi hatuaminiani. Leo tunawafundisha watoto kuamini jirani." Mungu wangu! Maneno yale yale. Mademoiselle Lutgarde alishalala chini ya udongo wa kwao, nami nikamsikia akitoka kinywani mwa kijana wetu mzuri, mwenye nia njema, mwenye tai. Dunia aliyotuzungushia juu ya kabati haikuwa na wakwe ndani yake, wala haikuwa na walozi, na hii ya ukutani naona pia hawakuwaweka. Lakini hapa chumbani wako. Nikamwambia: "Mwanangu, wewe umesoma, waeleze hao kwa lugha yao kwamba hivi ndivyo sisi tunavyoaminiana. Usipojua kuwaeleza, waache waone tu."

Alisita, akatazama ukuta wa akina mama, nadhani ndipo alipowaona. Akarudi nyuma. Faida akafungua kitambaa. Ile harufu! Ya kwenye ngazi, ile ile. Akachota, akaiinua juu wote waione, akala. Akatafuna polepole, akameza, akafungua kinywa kuonyesha kwamba kimebaki kitupu. Kisha akachota tena kwa kijiko hicho hicho, akaninyooshea. Mawese yalidondoka juu ya meza.

Nitasema kweli: haya ilikuja. Mtu hawezi kuitoa kama meno. Nilihisi macho yote, ya darasa, ya ukuta, ya nchi ile nisiyojua hata jina lake, na moja kwa moja nikamhisi mzee mwenye fimbo nyuma ya bega la Faida. Ineza akaona. Mtoto wa watu, akashika ncha ya kitenge changu akaanza kukiinua anifunike, kama nilivyomfunika yeye jikoni. Nikausukuma mkono wake. Nikatafuta kovu kwenye pua ya Faida. Lilikuwa limezama kati ya mikunjo, lakini lipo. Nikafungua kinywa, nikala.

Ilikuwa imezidi chumvi. Miaka mingi bila kupikia watu, mkono husahau. Nikasema kwa sauti, "Nipe ingine." Faida akasema, "Angalia huyu, sasa anataka kumaliza sufuria!" Wale watoto wa kwenye picha wakapiga makofi, sijui walidhani ni nini. Nilikula cha pili, na cha tatu, uso juu, nikitafuna. Halafu yule msichana wa mikate akasogea kutoka ukutani, akanyoosha kiganja bila sahani. "Koko, na mimi." Baada yake mwingine. Watoto wakasukumana. Mwalimu Fidèle alikuja mwisho, ameshika tai isiingie kwenye mafuta. Mashine ilizimika yenyewe na hakuna aliyekwenda kuiwasha. Faida hakupata nafasi ya kula. Sufuria ilipofika chini alikuwa bado amesimama, mwiko mkononi, anazungusha macho chumba kizima, anauliza nani hajapata.